Mlango wa Zizini

"Nasema tena, na majirani wote wasikie: ile si baa, ile ni machinjio ya binadamu!"

"Machinjio gani tena, Mama Cherehani, asubuhi yote hii? Mimi hapa nafagia kizingiti changu tu."

"Fagia, baba, fagia! Vumbi utalifagia, aibu hutaiweza. Jana alasiri nimekaa kwenye mashine yangu, nashona sare za watoto wa watu, nasikia ukutani: 'Mnase shingo! Mvute! Mfunge miguu!' Mara kitu puu! Halafu makofi. Makofi, Kofia Pana! Mtu anaangushwa chini nyinyi mnashangilia!"

"Huyo si mtu, mama. Ni ndama."

"Haya, mmesikia wenyewe! Sasa wanafuga ng'ombe ndani ya jengo la watu! Kesho watatuletea kwato na kinyesi hadi mlangoni!"

Watu waliokuwa wanapita wakaangua kicheko. Kofia Pana, mwenye baa ile iliyoitwa Zizini, alifungua mdomo aeleze ndama huyo ni wa namna gani, lakini kumkatiza Mama Cherehani ilikuwa sawa na kuzuia mafuriko kwa ungo. Akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, akarudi kufagia. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa baa, alisimama na mkasi mkononi, mteja wake amemwacha na nusu ya kichwa, akatia kuni motoni: "Mwambie, dada! Mwambie! Sisi wengine tunaogopa kusema."

Wako watu ambao nyumba huwafikia machoni tu, haiwafikii moyoni. Wakiona rangi ya mlango wanajua tabia ya mwenye nyumba. Wakiona pazia wanajua hata kilichomo chunguni. Mama Cherehani alikuwa mmoja wao, na hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa fundi ambaye suruali yake hairudi kwa kupungua wala kwa kuzidi, mcheshi wa kuvunja mbavu, na duka lake halikukauka watu. Mwanamke angekuja kupunguza gauni akakaa mpaka jua linageuka, kwa sababu hapo ndipo habari za mtaa zilipopimwa, zikakatwa, zikashonwa na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa na watu wengine.

Lakini kwa Zizini hakuwa na neno jema. Na kusema kweli mlango wenyewe ulimsaidia. Hakuna mlango mwingine wa namna ile mtaani. Ulikuwa na vilango viwili vifupi vya mbao, vya kusukuma, ambavyo havifiki juu wala chini, kiasi kwamba aliye nje huona miguu ya waliomo ndani bila kuwaona nyuso. Juu yake lilitundikwa fuvu la ng'ombe dume lenye pembe ndefu kama mikono ya mtu anayetaka kukukumbatia kwa nguvu. Pembeni ilichorwa picha ya mchunga ng'ombe mwenye bastola kiunoni, na mchoraji, kwa bahati mbaya, alikuwa amemtia jicho la kengeza. Muziki uliotoka humo ulikuwa wa kantri, magitaa yanayolia kama watu waliofiwa na farasi. Watoto wakitoka shule walipita mbio hapo. Wazee walitema mate pembeni.

Walakini fuvu, kengeza na magitaa vyote vilikuwa visingizio. Kidonda cha Mama Cherehani kilikuwa na jina, nalo ni Chiriku.

Chiriku alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Mama Cherehani alimpokea akiwa hajaota meno ya mbele, akamlea pamoja na mashine ile ya kushonea. Mguu mmoja kwenye kanyagio, mwingine ukitikisa kitanda. Jina la Chiriku alimpa yeye mwenyewe, maana mtoto yule alianza kuongea alfajiri na hakunyamaza mpaka usingizi umnyang'anye maneno. Mpango wa mama ulikuwa binti arithi duka. Binti naye hakuipenda sindano, alipenda watu. Siku aliposema amepata kazi ya uhudumu Zizini, nyumba iliwaka moto bila kiberiti. Yalisemwa mengi siku hiyo. La mwisho alilitamka Mama Cherehani akiwa ameshika begi la binti mlangoni: "Mama yako angekuona leo, angekufa mara ya pili."

Chiriku alichukua begi, akaenda kupanga chumba na rafiki yake. Tangu hapo, mama na mwana walitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Huyu anashona huku, yule anahudumu kule, na salamu hakuna. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Basi mkataba wa pango wa Zizini ulikuwa unakaribia kwisha. Mwenye majengo yale alikuwa mwalimu mstaafu, mama mfupi mwenye mwavuli mkubwa, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale aliowahi kuwachapa. Mama Cherehani alimfuata nyumbani kwake, akamwaga mashtaka yote: fuvu, kelele, watu wanaonaswa shingo. Kinyozi alikuwa ameshamtangulia kwa maneno yake mwenyewe, kwamba chumba kile kingefaa zaidi kikiwa na vioo vitano na viti vya kuzunguka.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umewahi kuingia?"

"Mimi? Mwalimu, niingie mle nitafute nini?"

"Ukweli. Mimi sihukumu kwa kusikia ukutani. Mama Cherehani, una ulimi mrefu, hilo tusidanganyane. Lakini sijawahi kuukuta na uongo. Jumamosi alasiri ingia, ukae kama mteja, ule, unywe. Nitakupitia hapo hapo. Ukisema waondoke, wataondoka. Ukisema wabaki, watabaki. Na usimwambie mtu."

Mama Cherehani alitoka hapo anatembea kama amepewa cheo. Njiani moyo ukamnong'oneza kwamba Zizini ikifungwa, Chiriku hatakuwa na pa kwenda ila nyumbani. Akaongeza mwendo.

Jumamosi ilipofika alivaa gauni lake la bluu, lile ambalo kola yake aliishona kwa mkono, akajipaka wanja, akashika mkoba kifuani kama ngao. Mbele ya vilango vile alisita. Asukume? Avute? Alisukuma kimoja, kikamrudia kikampiga kalio, akaingia ndani kwa kasi ambayo hakuikusudia.

Kitu cha kwanza kilichomshangaza ni harufu. Alitegemea uvundo wa pombe. Akakutana na harufu ya nyasi kavu, mbao mpya na nyama inayoiva taratibu. Sakafu ilikuwa imemwagwa maranda safi. Meza zilikuwa mapipa yaliyosuguliwa yakang'aa, viti vya kaunta vilikuwa na matandiko ya farasi juu yake, na darini lilining'inia gurudumu la mkokoteni lenye taa ndogondogo. Katika kona, mzee mmoja mwembamba alikuwa akilichezea gitaa polepole, kama anayembembeleza mtoto. Na kwenye ukuta wa upande wa dukani kwake, ukuta ule ule, alisimama ndama wa mbao mwenye magurudumu. Vijana wawili walikuwa wakimrushia kamba yenye kitanzi.

"Mnase shingo!" mmoja akapiga kelele. Kamba ikamnasa ndama. "Mvute!" Ndama akaanguka puu, watu wakapiga makofi.

Mama Cherehani alikitazama kile kipande cha mbao kilicholala chali, magurudumu yakizunguka hewani. Ndicho kilichomkosesha raha mwezi mzima. Alikaza midomo ili kicheko kisimponyoke, maana alikuja kwa kazi.

"Karibu Zizini, mgeni wetu."

Sauti hiyo aliijua hata angekuwa usingizini. Chiriku alisimama mbele yake, aproni nyeupe, fulana ya miraba, uso umetulia kama maji ya mtungi. Hakusema "Mama Mkubwa." Alisema "mgeni wetu," na neno hilo likamchoma mama kama sindano iliyoachwa kwenye nguo.

"Nimekuja kunywa," akasema Mama Cherehani, kana kwamba kuna aliyemkataza.

"Ndiyo, mama. Kwanza kofia."

Pembeni mwa mlango palikuwa na safu ya vigingi, na kila kigingi kina kofia pana ya wachunga ng'ombe. Chiriku alichagua moja ya kahawia, akamvika. "Kofia ya nyumba hii haijui bosi wala tarishi," akasema kama anavyowaambia wote. "Ukiwa nayo, wewe ni wetu. Asiye na kofia hahudumiwi."

Akaketishwa kwenye meza ya pipa, pamoja na muuguzi aliyekuwa ametoka zamu, viatu amevua, miguu ameiweka juu ya kigoda kama malkia. Mama Cherehani aliamua kuanza upelelezi mara moja.

"Dada, unakuja hapa peke yako? Huogopi?"

"Niogope nini? Nikienda kwingine naulizwa mume wangu yuko wapi, au naletewa bia na mtu nisiyemjua. Hapa nanyoosha miguu, naletewa supu yangu, nasikiliza babu wa gitaa, nakwenda kulala. Akinisumbua mtu, kofia yake ndiyo inayohangaika, si mimi."

"Kofia inahangaikaje?"

"Utaona. Siku moja Kofia Pana mwenyewe alimfokea kijana wa jikoni mbele ya watu. Kijana akatoka na upawa mkononi, akamvua kofia bosi wake! Mwenye baa akakaa hapo nje ya kaunta, kichwa wazi, kipara kinang'aa kama sahani, hakuna anayempa hata maji. Mpaka alipoomba radhi."

"Muongo wewe!"

"Haki ya nani! Mimi ndiye niliyemhesabia nywele zilizobaki."

Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Mama Cherehani alipogundua kwamba anafurahi, akajikaza. Akaita mhudumu. Soda yake ya tangawizi haikuwa baridi ya kutosha. Chiriku akaibadilisha bila kununa. Kiti kinamuumiza. Chiriku akaleta mto. Gitaa linamwingia sikio baya. Chiriku akamsogeza upande mwingine wa pipa, akamwomba babu apunguze, na babu akainama kwa heshima kama aliyeombwa na waziri. Mama alitafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa kwenye kipara.

Hapo ndipo alipoingia muuza vigae. Mtaa wote ulimjua. Mtu mnene, sauti nene, mwenye desturi ya kuwaita watu kwa kupiga miluzi. Alivikwa kofia, akakaa, akanywa kidogo, na Chiriku alipopita na sinia akamshika kamba ya aproni, akaivuta.

"We kitoto, unakimbilia wapi? Kaa hapa kwanza na baba."

Mama Cherehani alihisi damu inampanda kichwani. Hili hasa ndilo alilokuwa akiliona usiku na mchana akili inapotangatanga. Mkono wake ulishaukamata mkoba, tayari kuurusha. Lakini Chiriku aliweka sinia chini, akafunga upya kamba ya aproni yake bila haraka, kisha akanyoosha mkono, akamvua yule bwana kofia. Akaenda kuitundika kwenye kigingi.

Gitaa likakatika. Vijana wa ndama wakaacha kamba. Hata jikoni mafuta yalionekana kunyamaza.

"Nini hii?" muuza vigae akanguruma. "Unajua mimi ni nani?"

"Tunajua," akasema Kofia Pana kutoka kaunta, akiendelea kufuta glasi. "Ni mtu asiye na kofia."

Nyumba ikacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha ukatili. Muuza vigae aligonga meza, hakuna aliyemjia. Aliita bia, hakuna aliyesikia. Alimtazama Kofia Pana ampe ahueni, naye akamwambia, "Mzee, mimi sina uwezo. Kofia huirudisha aliyeivua." Yule bwana akajikuna kichwa, akatazama mlango, akatazama nyama iliyokuwa inapita kwenda meza nyingine, na tumbo likamshauri vizuri kuliko kiburi.

"Binti," akasema hatimaye, kwa sauti ambayo huenda mkewe hajawahi kuisikia. "Nisamehe. Nimezoea kwingine, kule hatuambiwi."

"Hapa utazoea," Chiriku akajibu, akamrudishia kofia. "Nikuletee mbavu au supu?"

Gitaa likaendelea pale lilipoishia. Muuguzi akamkonyeza Mama Cherehani. "Umeiona kofia inavyohangaika?"

Ameiona. Moyoni mwake fahari na hasira vilikuwa vinapigana mieleka. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akijificha nyuma ya gauni lake kila alipopita mbwa! Nani alimfundisha kusimama hivi? Lakini kukubali kwamba amefundishwa hapa, kwa watu hawa, chini ya fuvu lile, ilikuwa sawa na kumeza kitufe. Mwalimu yuko njiani, na yeye hana kosa hata moja mkononi.

Chiriku akaja na sahani ya mbavu za kuchoma na viazi. Jicho moja lilikuwa bado linamchunga muuza vigae, kijibakuli cha mchuzi kikateleza, na matone matatu mekundu yakaruka yakatua kwenye kola ya gauni la bluu.

Mama Cherehani akainuka kama aliyekalia kaa la moto. Kosa limepatikana!

"Tazama! Tazama ulivyonifanya! Hata kubeba sahani hujui! Binti mzima, hovyo hivi! Nani aliyekulea wewe?"

Chiriku alimtazama, macho yamejaa lakini hayajamwagika.

"Ni wewe, Mama Mkubwa."

Mtu mmoja alianza kucheka nyuma, akajiziba mdomo. Muuguzi alishusha miguu kwenye kigoda. Kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wote mle ndani wakaitazama kofia ya kahawia kichwani mwa Mama Cherehani.

Chiriku aligeuka kumwangalia Kofia Pana. Kofia Pana akainama kutafuta kitu chini ya kaunta, na ilionekana wazi kwamba hakukuwa na kitu chochote chini ya kaunta. Binti akavuta pumzi. Akanyoosha mikono yote miwili, akaivua kofia taratibu, kama mtu anavyoondoa kilemba kichwani mwa mzazi mgonjwa.

"Samahani, Mama Mkubwa. Ndiyo sheria ya nyumba."

Mama Cherehani alibaki kichwa wazi katikati ya watu. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Angeweza kutoka, akasimama nje na kumngoja Mwalimu, akamwambia nimedhalilishwa na mtoto niliyemlea. Na hilo lisingekuwa uongo. Zizini ingefungwa, fuvu lingeteremshwa, ukuta ungenyamaza. Miguu yake ilishaanza kugeuka.

Lakini alimwona Chiriku pale kwenye vigingi, mgongo umewaelekea watu, ameshika kofia kifuani na hajaitundika. Mabega yake yalikuwa yamepanda juu, vilevile yalivyopanda siku ile ya begi. Siku ile Mama Cherehani aliyaona mabega yale yakienda zake barabarani na akajiambia atarudi tu, atarudi kuomba radhi. Miezi imepita. Anamngoja mtoto aombe radhi kwa neno alilolitamka yeye!

Akakohoa. Ulimi wake, uliozoea kukimbia, leo ulitembea kwa magongo.

"Chiriku."

"Abee, mama."

"Kola itafuliwa. Sahani hukuibeba vibaya, mimi ndiye niliyekuja hapa nikiitafuta ianguke. Na lile neno la mlangoni, la mama yako. Nilikosa. Mama yako angekuona leo unavyolivua kofia lile jibwana, angekwenda kuwatangazia wafu wote kule aliko. Nisamehe, mwanangu. Nisamehe yote mawili kwa pamoja, maana nikianza kuomba mojamoja hawa watu watakosa chakula."

Hapo machozi ya Chiriku yakapata ruhusa. Alirudi, akamvika kofia, ikakaa upande, akaiweka sawa, ikapinda tena, mpaka wote wawili wakawa wanacheka na kufutana wanja. "Mama Mkubwa," akasema, maneno yakimtoka mfululizo kama zamani, "nilikuwa nakusikia unavyoshona, ukikata uzi najua, ukipumzika najua, na ile wiki uliyoumwa kifua nilitega sikio ukutani kila nikipita, mashine iko kimya, nikamtuma yule wa jikoni akuletee supu aseme ameagizwa na kinyozi!"

"Supu ile! Mimi nikamshukuru kinyozi mbele ya watu, naye akapokea!"

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, na katika kicheko hicho vilango vikasukumwa, mwavuli ukatangulia, Mwalimu akafuata. Alivikwa kofia, ikamfunika mpaka masikioni. Hakupoteza muda.

"Haya, Mama Cherehani. Nimekuja kama tulivyopatana. Mkataba wa hawa watu: waondoke, wabaki?"

Kicheko kikafa papo hapo. Kofia Pana akaweka glasi chini. Chiriku akamwachia mama mkono.

"Kumbe ulikuja kutupima?" binti akauliza.

"Nilikuja kuwafukuza," akasema Mama Cherehani. Wengine wangepamba, yeye hakuweza. "Nilikuwa nimeshawahukumu, nikaja kutafuta ushahidi." Akamgeukia Mwalimu, akashika ukingo wa kofia yake kama mtu anayeapa. "Mwalimu, nimekaa humu, nimedeka, nimetukana, nimevuliwa kofia na mwanangu mwenyewe. Makosa niliyoyaona ni mawili. Vile viti vya matandiko vinaumiza makalio, na ndama wao hana mkia. Mengine yote niliyosema niliyasoma mlangoni. Wabaki."

Mwalimu alitikisa kichwa, kofia ikabaki pale pale, kichwa kikazunguka ndani yake. "Wabaki," akarudia. "Lakini huyo ndama?"

"Nitamhamishia ukuta wa pili, wa kwa kinyozi," Kofia Pana akasema haraka. "Na mkia ataupata kesho."

"Mkia nitaushona mimi," akasema Mama Cherehani. "Nyinyi mtamwekea kamba ya viatu."

Gitaa likaanza, safari hii kwa mdundo wa kuchangamka. Mapipa mawili yakaunganishwa, mbavu zikaletwa upya, mahindi yakamwagiwa siagi. Muuza vigae, kwa hiari yake, akambebea Chiriku sinia. Mwalimu akaomba kamba, akajaribu kumnasa ndama, akamnasa babu wa gitaa.

Katikati ya shangwe hiyo Mama Cherehani aliona miguu miwili chini ya vilango, viatu vyenye vumbi la nywele. Juu ya vilango, kipande cha utepe wa kupimia kilikuwa kikipanda na kushuka. Alisogea akachungulia. Kinyozi alikuwa nje, ulimi katikati ya meno, anapima upana wa mlango.

"Dada!" akanong'ona. "Imekwisha? Wanatoka lini? Viti vyangu havitapita hapa mpaka nivunje kidogo. Na hili fuvu sitaki hata kulishika, nitaajiri mtu."

Mama Cherehani alimtazama, akaona uso alioujua vizuri. Aliuvaa yeye mwenyewe mpaka alasiri ile ile. Hakumfokea wala hakumkumbusha supu. Alisukuma kilango kimoja, akakishikilia kwa mgongo wake kisije kikampiga, na kwa mkono wa pili akamtwalia kofia kwenye kigingi.

"Kunja utepe wako, kaka, nyama inapoa. Njoo unawe ule na sisi. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani."